Laini moja ya shaba, kasi nne: uchukue ipi, na kwa nini ruta ya Uingereza inakataa?

"Shikamoo fundi. Naishi Ujerumani, karibu na Bremen, mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi ya uuguzi. Nyumba tuliyopanga ina laini ya simu ya zamani ukutani. Kampuni inaniuzia intaneti ya megabiti 16, 50, 100 au 250 kwa sekunde kwa laini hiyohiyo moja, na kila moja ina jina lake: ADSL2+, VDSL2, Super Vectoring. Nimechukua ya 50, na ruta yao ya kukodi inafanya kazi. Kwenye kurasa zake nimeona urefu wa waya takriban mita 430 na uwezo wa laini 117. Shemeji yangu aliyehama kutoka Uingereza ameniachia ruta yake ya VDSL, nikaona nirudishe ya kukodi, lakini nikiichomeka hiyo taa ya DSL inapepesa tu usiku kucha. Mwenzangu kazini anasema viwango hivi vinashindana, nisijifunge mpaka kimoja kishinde. Mwingine anasema shaba imekufa, nisubiri mkongo. Mimi nataka kumwona mama yangu Tanga kwa video bila picha kuganda, na watoto wasome. Nifanye nini?"

Marahaba, binti yangu, na pole na kazi za usiku. Nianze na jibu lenyewe ili usisome kwa wasiwasi: baki na laini uliyo nayo, usinunue ya 250, na ruta ya kukodi usiirudishe bado. Kama kuna hatua ya kupanda ni moja tu, kutoka 50 kwenda 100, na sababu yake si ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Tutaifikia.

Mwenzako wa kazini neno lake hakuliokota hewani, ila limepitwa na wakati. Mwaka 1997, enzi za modemu zilizopiga simu na kulia ndani ya waya, kulikuwa na aina mbili za modemu za kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde: moja ikiitwa X2, nyingine K56flex. Hazikusikilizana. Ukinunua ya X2 na kampuni yako ya intaneti ikawa ya K56flex, umebeba sanduku la plastiki. Mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, likatoa kiwango kimoja, V.90, ugomvi ukaisha. Aliyesubiri mwaka ule alifanya busara.

Kwenye DSL, yaani intaneti ya kasi inayopita kwenye waya wa simu, nako kulikuwa na ushindani, na ulikuwa mkali kuliko huo. Upande mmoja ilikuwepo njia iliyoitwa CAP, iliyotoka kwenye maabara za kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, na upande wa pili DMT, iliyopiganiwa na John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford na kampuni yake ndogo ya Amati. Mwaka 1993 zilipimwa ana kwa ana Marekani, kwenye maabara za Bellcore, kituo cha utafiti cha kampuni za simu za huko, na DMT ikashinda. Mwaka 1995 ikachapishwa kama kiwango cha Marekani, mwaka 1999 ikawa kiwango cha dunia. Katikati ya miaka hiyo kampuni nyingi za simu ziliendelea kufunga vifaa vya CAP kwa sababu vilikuwa tayari sokoni, na baadaye zikalazimika kuving'oa. VDSL ilipokuja ugomvi uleule ukarudi, vipimo vikarudiwa mwaka 2003, na DMT ikashinda tena.

Kwa hiyo mshindi unayeambiwa umsubiri alikwishapatikana zamani. ADSL2+, VDSL2 na hiyo Super Vectoring zote ni DMT, ni ndugu wa mama mmoja. Wala hazigombani ukutani kwako. Zinapokezana kulingana na umbali.

Sasa nikuonyeshe jambo linavyofanyika ndani ya waya, maana hapo ndipo kasi zako nne zinapotoka.

Sauti ya mtu kwenye simu inatumia sehemu ndogo mno ya waya, masafa ya chini yasiyofika hata kilohezi 4. Juu ya hapo waya mzima ulikuwa umelala bure miaka na miaka. Swali likawa namna ya kuutumia. Ukiwa umekulia Tanga umewaona mahamali bandarini, basi chukulia una shehena ya magunia. CAP ni kama kuipakia yote kwenye lori moja kubwa: njia ikiwa nzuri lori linakwenda, shimo moja likiwa baya lori zima linayumba. DMT ni mahamali 256, kila mmoja na kijia chake, wanakwenda sambamba. Kabla ya kuanza, kila kijia kinapimwa. Mwenye njia safi anatwishwa magunia 15, mwenye tope anapewa 2, mwenye njia iliyokatika anaambiwa akae. Kazi ikiendelea na njia moja ikaharibika, magunia yake yanahamishiwa kwa mwenzake bila msafara kusimama.

Gunia hapo ni biti, na namba hizo sikuzitunga kwa ajili ya mfano. ADSL ya kwanza iligawa masafa hadi megahezi 1.1 kuwa vijia 256, kila kimoja upana wa kilohezi 4.3125, na kijia kimoja hakibebi zaidi ya biti 15 kwa safari. Safari ni 4,000 kwa sekunde. Hamali mmoja aliyejaa anafikisha biti 60,000 kila sekunde. Taa ya ruta inapopepesa, ndiyo upimaji huo unaendelea: ruta yako na mtambo wa kampuni wanakagua vijia na kukubaliana nani abebe nini. Taa ikisimama, wamekubaliana.

Ukitaka kasi zaidi, ongeza mahamali. ADSL2+, hiyo ya 16, inapanda hadi megahezi 2.2, vijia 512. VDSL2 ya aina inayotumika kwa 50 na 100 inafika megahezi 17.7, vijia 4,096. Ile ya 250 inafika megahezi 35, vijia 8,192. Waya ni uleule, upana wa kijia uleule, kilichoongezeka ni idadi. Ndiyo maana laini moja inauzwa kwa bei nne.

Lakini shaba ina tabia ambayo tangazo haliitaji: masafa ya juu hufa haraka njiani. Mawimbi ya chini yanasafiri kilomita kadhaa na bado yanasikika. Ya megahezi 30 yakishapita mita mia chache yamebaki mnong'ono, kelele inayameza. Mahamali wa vijia vya juu wapo, wamepangwa foleni, lakini ukiwa mbali njia zao zote ni tope na hakuna anayetwishwa gunia. Ndiyo sababu ADSL iliweza kutoka kituo cha simu cha mjini, wakati VDSL ililazimu kampuni zilete mtambo mpaka kwenye lile kabati la kijivu mtaani kwako, mkongo ukiishia hapo na shaba ikimalizia mita za mwisho.

Mita 430 ulizoziona ndizo hizo, ingawa ruta haikupima kwa futi kamba. Imekadiria kwa kuangalia mawimbi yamedhoofika kiasi gani. Na ile 117 ni kasi ambayo laini ingeweza kuibeba kwa mpangilio wa sasa. Kwa hiyo 100 inaingia. Wakikuwekea mpangilio wa 250 namba hiyo itapanda, lakini kwa umbali wako 250 kamili haipatikani hata kwa dawa. Inapendeza kwa anayekaa ndani ya mita 200 au 300 za kabati. Kabla ya kusaini chochote dai karatasi ya maelezo ya bidhaa, ambayo kila kampuni Ujerumani inawajibika kukupa, usome mstari wa kasi ya chini kabisa na ule wa kasi ya kawaida. Ile "hadi" iliyo mbele ya 250 ni neno lenye uzito.

Kuna jambo la pili linaloamua kasi, nalo ni majirani. Waya wako umelala ndani ya kebo moja na nyaya za watu wengine makumi kwa makumi, na mawimbi ya jozi moja ya nyaya yanavujia jozi ya pili kama redio ya jirani inavyopenya ukuta. Zamani hilo lilikula kasi nyingi, juu ya ile iliyoliwa na umbali. Joseph Lechleider wa Bellcore aligundua kwamba uvujaji ni mbaya kuliko wote pale nyaya zinapokusanyika, kwenye kituo, ambako mawimbi dhaifu yanayowasili kutoka majumbani yanafunikwa na yale yenye nguvu yanayoondoka. Wazo lake lilikuwa kutenganisha pande mbili na kuupa upande wa kupakua nafasi kubwa, wa kupakia ndogo. Ile A ya ADSL ndiyo hiyo, kasi zisizolingana, na mpaka leo laini yako inakupa 50 za kupakua na 10 tu za kupakia.

Vektoringi imekuja kutibu uvujaji wenyewe. Mtambo wa kabatini unajua unatuma nini kwenye kila jozi, na umeshapima jozi ipi inavujia ipi. Basi kabla ya kutuma unachanganya wimbi la kinyume, na likifika kwako kelele ya jirani imejifuta. Ni kazi ya hesabu inayonistaajabisha hadi leo, maana inarudiwa maelfu ya mara kwa sekunde kwa kila jirani. Ila ina sharti: lazima kila ruta kwenye kebo ishiriki. Moja isiyoijua inaharibia wote, kwa hiyo mtambo unaipunguzia masafa au unaikatalia kabisa.

Na hapa tumefika kwa ruta ya shemeji.

Ujerumani ilikuwa na ISDN, simu ya kidijitali, kwa wingi kuliko nchi nyingi. ISDN hiyo ilikula masafa hadi kilohezi 120. Deutsche Telekom ilipoanzisha DSL mwaka 1999, ikaamua laini zote zianzie juu ya hapo, hata za wasio na ISDN. Uingereza walikuwa na simu ya kawaida, wakaanzia kilohezi 25. Kiwango cha ITU kikaruhusu yote mawili, kwa viambatisho tofauti: kwenye sanduku la ruta ya Uingereza utaona Annex A, kwenye la Ujerumani Annex B, na siku hizi pia Annex J kwa laini zisizobeba tena simu ya zamani. Matokeo yake, ruta ya Annex A inaita kuelekea mtambo kati ya kilohezi 25 na 138, huku mtambo wa Ujerumani umetega sikio kati ya 138 na 276. Wote wawili wanaongea DMT fasaha, hawasikilizani.

Sitaki kukuambia kwamba hilo ndilo kosa lako kwa hakika, kwa sababu VDSL ina vipande vingine vya masafa ambavyo nchi zote mbili wanavitumia sawa, na baadhi ya ruta za Uingereza hushika huku. Anza na kilicho rahisi, waya. Uliichomekaje? Soketi ya Ujerumani inaitwa TAE, ile pana yenye matundu matatu, na ruta ya Uingereza inakuja na waya wa kichwa kidogo usioingia humo. Kama ulitumia adapta ya dukani, inawezekana inaunganisha pini zisizo zake. Chukua waya wa ruta ya kukodi wa kutoka TAE, angalia kama kichwa chake cha pili kinaingia kwenye tundu la DSL la ruta ya shemeji. Kisipoingia, nunua waya wa TAE ulioandikwa ni wa DSL, ni euro chache. Taa ikiendelea kupepesa, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya DSL uone kama inakuruhusu kuchagua Annex B au J na kama imetaja vektoringi. Isipokuwa na hivyo, hapo hakuna la kufanya, ruta si mbovu, imezaliwa kwa nchi nyingine. Hata hivyo usiitupe. Ruta nyingi zinaweza kuwekwa nyuma ya ile ya kukodi kama kisambaza Wi-Fi cha chumba cha mbali.

Kuinunua yako mwenyewe unaruhusiwa. Tangu tarehe 1 Agosti 2016 sheria ya Ujerumani inasema mtandao wa kampuni unaishia kwenye soketi ya ukutani, na kifaa cha mbele yake ni chaguo lako. Kampuni lazima ikupe jina na nenosiri la kuingilia. Ukitafuta ya mtumba hakikisha imeandikwa VDSL2 yenye 35b, yaani ile aina ya megahezi 35, na vektoringi, na kwamba ni toleo la Ujerumani. Piga hesabu ya kodi ya ruta kwa mwezi mara 24 ndipo uamue.

Sasa mama yako. Simu ya video ya kawaida inataka megabiti chache tu kila upande. Laini ya 50 inaitosha na kubaki. Picha ikiganda, mtuhumiwa wa kwanza ni Wi-Fi ya ndani, wa pili ni kasi ya kupakia, wa tatu ni upande wa Tanga wenyewe, ambako mama yuko kwenye bando la simu na mnara unaohudumia mtaa mzima jioni. Hakuna mkataba wa Ujerumani unaoongeza kasi ya mnara wa Tanga. Jaribu hivi: siku moja mpigie ukiwa umechomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya. Isipoganda, tatizo ni Wi-Fi, sogeza ruta itoke nyuma ya televisheni. Ikiganda vilevile, mwombe mama asogee dirishani au apige saa nyingine, kisha mlinganishe.

Ila watoto wawili wakiwa kwenye masomo kwa video na wewe unaongea na mama, zile 10 za kupakia zinabanwa. Ya 100 huku kwa kawaida inakuja na 40 za kupakia, mara nne. Hiyo ndiyo sababu pekee ninayoiona ya wewe kupanda, na ni sababu nzuri kama tofauti ya bei haikuumizi. Kutoka 100 kwenda 250 kupakia kunabaki 40 ileile, na video ya mama haitajua umelipa zaidi.

Kuhusu shaba kufa: inaelekea huko, hilo ni kweli. Mkongo hauna tatizo la umbali wa mtaani wala la kuvujiana, na ukifika mlangoni kwenu kwa bei ya kubebeka uchukue. Uingereza wanazima mtandao wa simu wa zamani ifikapo Januari 2027, na watu wengi husikia hilo wakadhani nyaya zenyewe zinang'olewa siku hiyo. Kinachozimwa ni mtandao wa sauti. Ujerumani bado DSL ndiyo aina ya intaneti ya nyumbani yenye wateja wengi kuliko nyingine zote. Wewe umepanga, kwa hiyo mkongo kuingia ndani kunategemea pia mwenye nyumba. Muulize kwa maandishi kama kuna mpango. Asiye na tarehe ya kukupa, usimsubiri. Mkataba hauruhusiwi kuzidi miezi 24 ya mwanzo, na ukishapita unaweza kuuvunja kwa taarifa ya mwezi mmoja. Anayegonga mlango jioni na kukuambia shaba inakatwa mwezi ujao, usimsainie palepale kizingitini.

Kuna wakati maandishi yangu hayatoshi. Ruta ya kukodi yenyewe ikianza kupoteza laini mara kadhaa kwa siku, au uwezo ule wa 117 ukashuka ghafla kufikia 60, hapo kuna kitu kwenye waya. Mwaka juzi niliitwa kwenye nyumba ya ghorofa ambako laini ilikatika kila jioni. Nilikuta soketi ya pili chumbani, imepakwa rangi ya ukuta mara nyingi mpaka matundu yameziba, na waya wake umefungwa kwenye skrubu zilezile za soketi ya kwanza. Mita tisa za shaba zisizokwenda popote. Mawimbi yalikuwa yanaingia humo, yanagonga mwisho na kurudi kuharibu wenzao, na jioni vifaa vya majirani vikiwashwa laini haikuwa na akiba yoyote ya kuvumilia kelele. Mwenye nyumba alikubali, nikalegeza skrubu mbili, nikatoa nyaya zile, na taa ikasimama. Angalia kama kwenu kuna soketi ya namna hiyo, lakini usiifungue mwenyewe. Mwambie mwenye nyumba alete fundi. Kile kisanduku cha kijivu chini ya jengo ni mali ya mwenye mtandao, na anayekigusa bila ruhusa anaweza kuwakatia majirani.

Kama kasi ni ndogo kuliko karatasi ya mkataba inavyosema, usibishane kwenye simu bila ushahidi. Bundesnetzagentur, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ina programu ya bure ya kupima: vipimo 30, kumi kwa siku katika siku tatu tofauti, kompyuta ikiwa imeunganishwa kwa waya. Ukishakuwa na ripoti hiyo, sheria inakupa haki ya kupunguziwa malipo au kuvunja mkataba. Kijerumani cha barua hizo kikikulemea, ofisi za Verbraucherzentrale zinawasaidia wateja kwa ada ndogo, nenda na mkataba wako mkononi.

Anza na waya wa TAE. Ukishajaribu, nipigie picha nyuma ya ruta ya shemeji, pale penye jina la modeli, unitumie pamoja na ukurasa wake wa DSL. Nitakuambia kama ina Annex B ndani yake au la, kabla hujatoa hata euro moja.